Kole kali haipo: kila kitu kina gundi yake

Katika maduka ya Birere, hapa Goma, swali huwa lilelile: "Muko na kole kali?", yaani gundi kali. Muuzaji anatoa kijimrija cha super glu, mteja analipa, anajiendea. Juma halijaisha, bido, yaani dumu la maji, linavuja tena, soli ya kiatu imefungua mdomo, na mtaa mzima unakubaliana kwamba kole za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai, na zipo pia zilizozeekea kwenye rafu. Lakini mara nyingi kile kijimrija hakina kosa. Kilipewa kazi isiyo yake.

Tatizo liko kwenye swali lenyewe. Ukali wa gundi haupimiki bila kujua inapakwa kwenye nini. Gundi nyeupe ya seremala, ambayo mtoto anaibandua kidoleni huku akicheza, ikishika mbao mbili sawasawa, ubao utapasuka kabla ya kiungo kuachia. Gundi hiyohiyo ukiipaka kwenye besheni la plastiki, ikikauka utaiondoa yote kwa ukucha mmoja.

Gundi ina kazi mbili

Gundi, au kole tunavyosema hapa Goma, ni kitu kinachoingia kati ya vitu viwili kikiwa majimaji, kisha kikagandia humo. Kazi yake ya kwanza ni kushika uso wa kila upande. Ya pili ni yenyewe kutokatika katikati. Inaweza kufaulu moja na kushindwa nyingine, na kitu kilichobanduka kitakuambia ni ipi, ukikitazama kabla ya kukimbilia dukani. Kama gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili ni msafi, basi haikushika ule msafi: ama ulikuwa mchafu, ama gundi hiyo haiendani na kitu hicho. Kama kuna gundi pande zote mbili, imekatika yenyewe: labda ilipakwa nene mno, haikupewa muda wa kukauka, au ni ngumu mno kwa kitu kinachojikunja. Na kama kilichochanika ni ubao au ngozi ya kiatu, gundi ilimaliza kazi yake na huna la kuidai.

Ili ishike, gundi lazima kwanza iloweshe uso. Mwagia maji jani la majimbi, yaani mateke: maji yanajikusanya matone na kuteleza, jani linabaki kavu. Plastiki kadhaa za nyumbani huikataa gundi namna hiyohiyo. Gundi inakaa juu bila kushika popote, hata iwe ya bei gani.

Hata uso unaokubali gundi hauwezi kuishika kupitia uchafu. Hapa kwetu uchafu una jina: lile vumbi jeusi la volkano linaloingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Ukilipitishia kitambaa kibichi, unaacha utando wa matope usioonekana, na gundi inashika matope hayo badala ya kushika kikombe. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha kabisa. Kisha kwaruza kwa msasa pale panapoweza kukwaruzwa, na upanguse vumbi la msasa. Kwa mafuta ya kupikia au vaselini ya mikononi, tumia alikoli, au asetoni ikiwa kitu si cha plastiki, maana asetoni hula baadhi ya plastiki. Watu wengi hupangusa kwa mazuti (dizeli) au petroli ya taa, kisha wanashangaa. Hizo ni mafuta. Zinaacha utando uleule uliotaka kuuondoa.

Kuvuta si kubandua

Jambo hili hulisikii dukani, na kwangu ndilo linaloamua ukarabati mwingi. Kiungo cha gundi kinaweza kusukumwa kiteleze, kinaweza kuvutwa moja kwa moja, au kinaweza kubanduliwa kuanzia ukingoni. Kinapotelezeshwa au kuvutwa sawasawa, eneo lote hugawana mzigo. Kinapobanduliwa, mzigo wote unaangukia mstari mwembamba pale ukingoni. Ukiachia, mstari unaofuata unabeba yote, hivyo hivyo hadi mwisho. Jaribu na utepe wa skochi: uvute kwa kuutelezesha juu ya meza utapata taabu, unyanyue pembe moja na umekwisha toka.

Soli ya kiatu hubanduliwa kila hatua unapokunja vidole vya mguu. Kwa hiyo inahitaji gundi inayokubali kujikunja pamoja nayo. Super glu ikikauka ni ngumu na huvunjika. Inashika soli jioni, na kesho yake njiani, kwenye mawe ya lava ya mtaa ambao haujatiwa lami, inakatika vipande. Haikuwa dhaifu. Ni ngumu tu mahali palipotaka ulaini.

Ndiyo maana pia mpira wa gurudumu la chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hupigwa misumari. Mzigo, mtikisiko, matope na jua kwa pamoja ni mengi kwa gundi ya nyumbani, na mafundi wa chukudu hawana haja ya makala kulijua hilo.

Super glu: inachofanya na isichofanya

Jina lake la kikemia ni sianoakrilati. Mwaka 1942 Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Kodak huko Marekani, alikutana nayo akitafuta plastiki angavu kwa ajili ya vifaa vya kulengea shabaha vya bunduki, akaiacha kwa sababu ilishika kila ilichokigusa. Ilianza kuuzwa kama gundi mwaka 1958.

Watu wengi hufikiri inakauka kwa hewa, kama rangi ya mlango. Kinyume chake, huganda kwa unyevu: ule mdogo ulio hewani na kwenye uso wa vitu. Ndiyo sababu inashika ngozi upesi hivyo, vidole vina unyevu daima. Kwa kuwa unyevu unaingilia pembeni na kwenye nyuso, tabaka jembamba huganda kwa sekunde, tabaka nene hubaki bichi katikati. Tone moja latosha eneo la kama sentimita 2.5 kwa 2.5. Anayemwaga nusu mrija "ishike vizuri" anapata kiungo dhaifu kuliko aliyeweka tone.

Kuna wanaotia mate ili igande haraka. Inaganda, kweli, lakini maji mengi huifanya igande ovyo, ikawa nyeupe na dhaifu. Pumzi ya mdomo juu ya uso mmoja kabla ya kugundisha inatosha, na katika majira ya mvua hata hiyo huihitaji.

Ujanja wa unga wa soda, ule wa kuumulia maandazi, una ukweli ndani yake. Soda inaigandisha papo hapo na kujaza tundu ambalo super glu peke yake isingeliziba, kisha unaweza kulisugua kwa msasa. Inafaa kwa pembe iliyovunjika ya redio. Ujanja wa pamba ndio wa kuangalia: super glu ikilowa kwenye pamba au kitambaa cha pamba hutoa joto kali, la kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Usiishike ukiwa umevaa glavu za pamba, na usiifute kwa kitambaa.

Mahali pake ni vitu vidogo, vigumu, vinavyokutana bila nafasi kati yao: kauri, chuma kidogo, plastiki ngumu, mpira mgumu. Kwenye kioo hushika kwa muda, kisha maji huidhoofisha. Kwenye joto la nyuzi 80 hivi inaanza kuachia, basi mkono wa kikombe uliogundishwa hivyo usiuamini na chai ya moto mapajani.

Bido, besheni na kiti cha plastiki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bido la njano la lita 20 limetengenezwa kwa polietilini. Kiti cheupe cha plastiki, cha harusi na cha matanga, mara nyingi ni polipropilini, na mabesheni ni moja ya hizo mbili. Hizo ndizo zile zinazokataa kuloweshwa. Hakuna gundi ya kawaida dukani, super glu wala Araldite ya mirija miwili, itakayoshika bido likabeba maji. Muuzaji akikuambia ipo, mwombe aijaribu mbele yako.

Utajuaje ni plastiki gani? Geuza kitu utazame chini: kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani. 2 na 4 ni polietilini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistirini, 1 ni ile ya chupa za maji. Kama alama haipo, kwangua kipande kidogo ukitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukikizamishe kwa kidole kiondoe mapovu. Kikielea ni polietilini au polipropilini, achana na gundi. Kikizama, kuna matumaini.

Plastiki inayoelea huunganishwa kwa moto. Wale mafundi wa mtaani wanaopitisha chuma cha moto kwenye ufa wa besheni wanafanya jambo sahihi kabisa kikemia: wanayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kuna masharti mawili. Kiraka kiwe cha plastiki ileile, kwani polietilini na polipropilini zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri. Na kazi ifanyike nje, penye upepo. Kisha kuna la tatu, nalo ni la uhai: bido lililowahi kubeba esansi, yaani mafuta ya gari, lisiguswe na chuma cha moto hata kama linaonekana tupu na kavu, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Kiti kilichovunjika mguu ni mjadala mwingine. Wapo wanaotoboa matundu pande mbili za ufa na kushona kwa waya, na sioni aibu yoyote katika hilo. Waya unabeba mzigo ambao gundi isingeubeba. Zipo pia super glu zinazouzwa na kichupa cha pili, maji ya kutangulia kupakwa kwenye plastiki hizi. Hufanya kazi kwa vitu vidogo. Mguu wa kiti atakaokalia mtu mzima si kitu kidogo.

Mabomba ya kijivu ya PVC yako upande wa pili kabisa. Gundi yake huyeyusha kidogo uso wa bomba na wa kiungio, vikachanganyika, kisha kiyeyusho kikapaa. Unapaka pande zote mbili, unaingiza ukizungusha robo, unashikilia kwa nusu dakika hivi. Usifungulie maji mara moja kwa kuwa pameonekana pakavu. Soma muda ulioandikwa kwenye kopo. Na usiitumie kwenye lile bomba jeusi linalouzwa kwa mviringo. Hilo ni polietilini, linataka viungio vya kukaza.

Viatu, na ile gundi ya njano

Gundi ya njano ya mafundi viatu, ambayo wengi huiita Patex hata kopo likiwa na jina lingine, ni mpira wa neopreni ulioyeyushwa katika kiyeyusho. Watu wanaoinunua kwa matumizi ya nyumbani huiharibu kwa haraka yao. Hupaka upande mmoja, wanabandika ikiwa bichi, wanafunga kwa kamba usiku kucha. Kiyeyusho kinafungiwa ndani kisipate pa kutokea, na kiungo kinabaki laini.

Inavyotakiwa ni hivi: kwaruza gundi ya zamani yote itoke, paka pande zote mbili, acha wazi dakika 10 hadi 15, hadi ukiigusa isikufuate kidoleni. Hapo ndipo unazikutanisha, na uziweke sawa mara ya kwanza kwa sababu hazitasogea tena. Kisha gonga kwa nyundo. Nguvu ya kubana katika dakika hiyo moja ina maana kuliko saa 12 za kufungwa kamba. Ngozi hunywa gundi, hivyo inaweza kutaka tabaka la pili baada ya la kwanza kukauka.

Kuna viatu vinavyomshinda fundi hata akifuata yote hayo, hasa vyenye soli laini ya PVC. Plastiki hiyo imetiwa mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hutoka polepole yakalegeza neopreni. Kwa soli hizo inatakiwa gundi ya poliuretani, na fundi anayejua huipasha joto kidogo kabla ya kubandika. Muulize anatumia ipi. Swali hilo halimtukani.

Harufu ya gundi hii si ya kuzoea. Ndani yake mara nyingi mna tolueni, ambayo huleta kizunguzungu na ikivutwa kwa muda mrefu huharibu ubongo. Watoto wa barabarani wanaoinusa kwenye chupa ndiyo wanayoivuta. Mvuke wake hushika moto pia. Usiitumie chumba kimoja na mbabula yenye makaa, wala usiliweke kopo karibu na moto ili gundi iliyoganda ilainike.

Vivyo hivyo kiyeyusho chake hula frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya. Ukiipaka, shimo linachimbika mbele ya macho yako. Frigoliti inataka gundi nyeupe.

Mbao na karatasi

Gundi nyeupe huganda kwa maji kutoka ndani yake na kuingia kwenye ubao, kwa hiyo inataka kitu kinachokunywa. Paka, bana kwa klampu au kamba iliyonyongwa, futa inayotoka pembeni kwa kitambaa kibichi, acha saa 24 kabla ya kupakia uzito. Inashika vizuri ubavu kwa ubavu. Kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa gundi yote na kubaki kikavu, ndiyo maana maseremala huchonga ulimi na tundu. Mikaratusi mibichi, ambayo ndiyo tunayouziwa mara nyingi, itasinyaa na kuvunja kiungo chochote. Mbao zikauke kwanza.

Kwa kitu kitakachonyeshewa, tafuta kwenye chupa herufi D na namba. Ni kipimo cha Ulaya cha D1 hadi D4: D1 ni ya ndani pakavu tu, D3 inavumilia maji ya mara kwa mara, D4 zaidi. Isiyo na alama ichukulie ni ya ndani.

Karatasi na madaftari ya shule hayahitaji kununua kitu. Uji mzito wa unga wa muhogo ni gundi kamili, na hata katoni za viwandani huunganishwa kwa gundi ya wanga. Ubaya wake ni mende.

Gundi ya mirija miwili

Araldite na ndugu zake ni epoksi: mrija mmoja una utomvu, wa pili una kigandishi, na hakuna kinachotokea hadi vikutane. Hapa hakuna maji wala kiyeyusho kinachotoka, kwa hiyo haisinyai sana na inaweza kujaza nafasi. Ni ya chuma, jiwe, kauri, na mbao zisizokutana vizuri. Ile yenye mrija mweusi na mweupe ina unga wa chuma au madini ndani, lakini haigeuki kuwa chuma. Sufuria iliyotoboka isipelekwe kwake, ipelekwe kwa mchomeleaji.

Imani iliyoenea ni kwamba kigandishi kikizidi inaganda haraka na kuwa ngumu zaidi. Si kweli: kila chembe ya kigandishi ina chembe yake ya utomvu ya kuungana nayo. Kinachozidi kinabaki humo bila mwenzake, na gundi inakuwa laini au ya kunata daima. Pima sawasawa kama mrija unavyosema, kwa kawaida nusu kwa nusu, na ukoroge dakika nzima hadi michirizi ya rangi iishe. Ile ya dakika 5 inaanza kugandia mkononi baada ya dakika hizo. Nguvu yake kamili huja baada ya saa nyingi. Ile ya polepole kwa kawaida hushika zaidi, na mvulana wa duka akikwambia ni ya aina ya zamani ndiyo maana haiharakishi, ichukue.

Kwa kioo kinachokaa majini, au pembeni ya sinki, silikoni inashinda zote, kwani inajikunja na haijali maji. Ila usiipake mahali unapotaka kupaka rangi baadaye, au kugundisha kitu kingine: hakuna kinachoshika juu ya silikoni isipokuwa silikoni.

Ajali na kuhifadhi

Vidole vikishikana kwa super glu, usivute. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uvizungushe polepole hadi viachane; asetoni ya kuondolea rangi ya kucha husaidia pia, lakini mbali na macho na midomo. Ikiingia jichoni usijaribu kufungua kope kwa nguvu wala usitie asetoni. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mengi, funika kwa kitambaa safi kibichi, mpeleke mtu hospitalini.

Mrija wa super glu uliofunguliwa ufutwe mdomo, ufungwe, usimamishwe wima ndani ya kopo linaloziba, mahali pakavu. Kijipakiti cha chembechembe kinachokuja ndani ya maboksi ya viatu ukikitia humo kinanyonya unyevu. Gundi iliyokwisha kuwa nzito ikivutika nyuzi haifai tena, na kuongezea asetoni hakuirudishi. Gundi ya njano huharibiwa na kifuniko kilicholegea. Epoksi hukaa miaka, mradi kofia za mirija miwili zisibadilishane: ya utomvu ikivikwa mrija wa kigandishi, kesho yake itabidi ukate mrija kwa kisu.